Masanduku ya Bahati Katika Michezo ya Simu: Je, Ni Kamari?

Mtoto wa Gredi ya 7 haruhusiwi kuingia kwenye kasino wala kufungua akaunti ya kubeti. Sheria ya Kudhibiti Kamari ya mwaka 2025 inawafungia mlango wote walio chini ya miaka 18. Hata hivyo, mtoto huyo anaweza kuchukua simu ya mzazi, kufungua mchezo wa kandanda au wa vita, kulipa pesa halisi, kisha ndipo aonyeshwe alichonunua. Huenda akapata mchezaji nyota aliyekuwa akimtamani. Mara nyingi hampati, naye hulipa tena.

Wazazi wengi huligundua jambo hili wanapotazama taarifa ya pesa za simu na kukuta malipo ya shilingi 100, 250 na 500 wasiyoyakumbuka. Swali linalofuata ni moja: je, mtoto amekuwa akicheza kamari? Makala haya yanaeleza jinsi biashara hii inavyofanya kazi, jinsi nchi mbalimbali zilivyolijibu swali hilo, na hatua ambazo familia inaweza kuchukua.

Sanduku la bahati ni nini?

Michezo mingi ya simu na kompyuta hupakuliwa bila malipo. Kampuni hupata mapato kwa kuuza vitu vilivyomo ndani ya mchezo: mavazi, silaha, wachezaji, magari. Baadhi ya vitu hivyo huuzwa kama bidhaa ya dukani, kwamba jezi hii ni bei hii, lipa uchukue. Vingine hutiwa ndani ya sanduku lililofungwa. Mchezaji hulipia sanduku bila kujua limebeba nini, na kompyuta ndiyo huamua kwa bahati.

Sanduku hili huja kwa sura nyingi. Katika michezo ya kandanda ya kampuni ya EA ni pakiti ya wachezaji. Katika michezo mingine ni gurudumu la kuzungusha, yai la kuatamia au kreti ya silaha. Sura hubadilika, lakini utaratibu haubadiliki: pesa hutangulia, bahati huamua, na zawadi hujulikana mwisho.

Si kila sanduku hulipiwa. Mengine hutolewa kama tuzo kwa aliyecheza vizuri. Makala haya yanahusu yale yanayonunuliwa kwa pesa.

Nguzo tatu za kamari

Sheria za kamari katika nchi nyingi husimama juu ya nguzo tatu. Ya kwanza ni dau: mtu ametoa pesa au kitu cha thamani. Ya pili ni bahati: matokeo hayategemei ustadi wake. Ya tatu ni zawadi: anayeshinda hupata pesa au kitu chenye thamani ya pesa.

Anayesimama kando ya barabara kutazama pata potea huziona nguzo zote tatu kwa dakika moja. Sanduku la bahati lina mbili bila ubishi, kwani dau lipo na bahati ipo. Mabishano yote yako kwenye nguzo ya tatu. Je, picha ya mchezaji inayoishi ndani ya simu, ambayo masharti ya mchezo yanakataza kuiuza, ina thamani ya pesa?

Kampuni za michezo husema haina. Huongeza kwamba mnunuzi wa sanduku hatoki mikono mitupu kama anayepoteza dau, kwani kila sanduku lina kitu. Hoja hiyo ni ya kweli, ila haisemi yote. Kitu hicho kinaweza kuwa jezi ambayo mtoto tayari anazo tatu.

Nchi nyingine zilivyoamua

Mwezi wa Aprili 2018, Tume ya Michezo ya Kamari ya Ubelgiji ilitangaza kwamba masanduku ya kulipia katika michezo kadhaa, ikiwemo FIFA 18, ni kamari isiyo na leseni. Kwa Wabelgiji, zawadi haikulazimika kugeuzwa pesa. Ilitosha kwamba kuna mchezo, dau, bahati, na matokeo ya kupata au kukosa kitu ambacho mchezaji anakithamini. Mwezi wa Januari 2019, EA iliacha kuuza nchini humo pointi za kununulia pakiti.

Uholanzi ilianza na njia hiyo lakini ikaishia kwingine. Mdhibiti wa kamari aliiwekea EA adhabu ya hadi euro milioni 10, na mwaka 2020 mahakama ya The Hague ikamuunga mkono. Mwezi wa Machi 2022, mahakama ya juu ya masuala ya utawala ilifuta adhabu hiyo. Majaji walisema pakiti si mchezo unaojitegemea. Ni sehemu ya mchezo mpana wa kandanda ambao kwa jumla hutegemea ustadi.

Nchini Uingereza, kamati ya Bunge ilipendekeza mwaka 2019 kwamba masanduku ya kulipia yawekwe chini ya sheria ya kamari. Mwezi wa Julai 2022 serikali ilikataa kuibadilisha sheria hiyo, ikazitaka kampuni zenyewe zihakikishe kwamba walio chini ya miaka 18 hawanunui bila idhini ya mzazi.

Nchi nyingine ziliamua kutolisubiri jibu la swali la kamari. Japani ilipiga marufuku mwaka 2012 aina moja tu ya masanduku, ile inayomtaka mchezaji akusanye seti nzima kwa bahati ili apate zawadi kubwa, na ilitumia sheria ya kumlinda mnunuzi. China, kuanzia Mei 2017, ilizilazimisha kampuni kutangaza uwezekano wa kupata kila kitu. Australia, kuanzia Septemba 2024, hutoa alama ya kuwa haufai kwa walio chini ya miaka 15 kwa kila mchezo mpya wenye masanduku ya kulipia. Nchini Marekani, mwezi wa Januari 2025, kampuni ya mchezo wa Genshin Impact ilikubali kulipa dola milioni 20 na kutowauzia masanduku walio chini ya miaka 16 bila ruhusa ya mzazi. Kesi hiyo ilihusu madai ya kuwapotosha watoto kuhusu bei na uwezekano wa kushinda, na haikufunguliwa chini ya sheria ya kamari.

Kwa hiyo, jibu la kisheria hutegemea nchi na maneno ya sheria yake. Madhara kwa mfuko wa familia, kwa upande mwingine, hayabadiliki mtu akivuka mpaka.

Hesabu ya sanduku

Tuchukue mfano. Sanduku moja linauzwa shilingi 50. Mchezo umeandika kwamba uwezekano wa kupata nyota ni asilimia 1, yaani sanduku 1 kati ya 100. Mtoto hupiga hesabu haraka: nikinunua masanduku 100 kwa shilingi 5,000, nyota ni wangu.

Hesabu hiyo si sahihi. Kila sanduku huanza upya, wala halikumbuki yaliyotangulia. Watoto 100 wakinunua masanduku 100 kila mmoja, takriban 63 watampata nyota angalau mara moja. Wengine 37 watakuwa wametumia shilingi 5,000 kila mmoja bila kumpata. Wote 100 wakiendelea hadi masanduku 200, bado watoto 13 hivi watakuwa wametumia shilingi 10,000 na kumkosa.

Zaidi ya hayo, bei yenyewe hufichwa. Mchezo hauuzi sanduku kwa shilingi. Kwanza mtoto hununua sarafu au almasi za mchezo, kisha almasi ndizo hununua sanduku. Almasi zikiuzwa kwa mafungu ya 100 na sanduku likagharimu 120, lazima anunue mafungu mawili, na 80 zinazobaki humwita arudi. Baada ya hatua hizo mbili, hata mtu mzima hupata shida kusema sanduku moja lilikuwa la shilingi ngapi.

Kwa nini mtoto hushindwa kuacha

Zawadi inayokuja bila mpangilio huvuta kuliko ile inayokuja kwa ratiba. Mashine za kamari zilizowahi kuenea katika vituo vya biashara zilitegemea jambo hilo, na sanduku la bahati hulitegemea pia: mwanga, mlio, subira ya sekunde chache, kisha jibu. Mara nyingine skrini huonyesha kitu cha thamani kikipita karibu kabla ya kusimama kwenye kingine. "Mama, nilikaribia kabisa," mtoto husema. Hakukaribia. Picha ile haina uhusiano na uwezekano wa sanduku linalofuata.

Mwaka 2018, watafiti David Zendle na Paul Cairns wa Uingereza walichapisha katika jarida la PLOS ONE utafiti uliohusisha wachezaji zaidi ya 7,000. Waligundua kwamba kadiri mtu alivyokuwa na tatizo kubwa la kamari, ndivyo alivyotumia pesa nyingi zaidi kwenye masanduku. Tafiti nyingine zilizofuata zilipata uhusiano kama huo.

Uhusiano huo usomwe kwa uangalifu. Hauthibitishi kwamba masanduku humfanya mtoto kuwa mcheza kamari. Inawezekana pia kwamba aliye na udhaifu wa kamari huvutwa na masanduku. Hata hivyo, katika hali zote mbili anayelipa zaidi ni yule asiyeweza kujizuia, na watoto wengi hawajakomaa katika kujizuia.

Haki itendeke kwa upande wa pili pia. Watoto wa vizazi vilivyopita walinunua pakiti za picha za wachezaji bila kuona kilichomo, na kwa kawaida hazikuitwa kamari. Tofauti ni kwamba pakiti ya karatasi ilinunuliwa dukani kwa sarafu iliyokuwa mfukoni, nayo sarafu ikiisha, ununuzi uliisha. Simu iko mkononi usiku na mchana, na nyuma yake kuna pesa za nyumba nzima.

Hali ilivyo hapa Kenya

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliyagawa majukumu ya kamari. Serikali ya kitaifa inashughulikia kamari ya kiwango cha kitaifa, nazo serikali za kaunti zina wajibu kuhusu kubeti, kasino na aina nyingine za kamari kama sehemu ya burudani za umma. Ndiyo maana mashine ya kamari inapowekwa kwenye duka la mtaani, maafisa wanaweza kufika na kuuliza leseni.

Sanduku la bahati halina mlango wa kubishwa. Huuzwa na kampuni iliyo nje ya nchi, kupitia duka la programu, hadi kwenye simu iliyo chini ya blanketi la mtoto. Afisa wa kaunti haoni kinachoendelea. Wa kwanza anayeweza kuona ni mwenye simu na mwenye pesa, yaani mzazi au mlezi.

Hatua ambazo familia inaweza kuchukua

1. Linda namba ya siri. Namba ya siri ya pesa za simu si ya mtoto, hata akiwa mwaminifu kiasi gani. Kama anaijua, ibadilishe.

2. Funga ununuzi. Katika mipangilio ya duka la programu, chagua nenosiri liombwe kwa kila ununuzi. Ondoa kadi au njia ya malipo iliyohifadhiwa kwenye simu anayotumia mtoto.

3. Soma taarifa ya malipo kila mwezi. Malipo madogo yanayojirudia ndiyo ya kutazama. Shilingi 100 kila siku ni shilingi 3,000 kwa siku 30.

4. Uliza maswali matatu kabla ya kuruhusu ununuzi. Je, tunajua tunachonunua kabla ya kulipa? Bei yake kwa shilingi ni ngapi? Mchezo unaweza kuchezwa bila kukinunua? Jibu la swali la kwanza likiwa "hatujui", dau na bahati vipo tayari, hata kama hakuna mahakama iliyotamka neno kamari.

5. Kama familia imeamua kumnunulia mtoto kitu, kiwe kinachoonekana na chenye bei iliyoandikwa.

6. Pesa zikitumika bila idhini, omba kurejeshewa mara moja kupitia duka la programu. Hifadhi ujumbe wa malipo. Ombi la siku ya kwanza lina nafasi kubwa kuliko la mwezi wa pili.

7. Zungumza na mtoto kabla ya kumwadhibu. Piga naye hesabu ya masanduku 100 kwenye karatasi, kwa kutumia uwezekano ulioandikwa katika mchezo wake. Mtoto aliyechapwa hujifunza kuficha simu. Aliyepiga hesabu mwenyewe huona pesa zinakokwenda. Kama anashindwa kuacha, anaiba pesa nyumbani, au amebadilika shuleni, mzazi azungumze na mwalimu wa ushauri nasaha au apige simu ya watoto, namba 116, ambayo hailipiwi.

Mahakama na mabunge ya nchi mbalimbali yataendelea kubishana kuhusu nguzo ya tatu. Mzazi hana haja ya kuisubiri hukumu yao ili kubadilisha namba ya siri.