Mkoba wa Mkononi wa Hujaji: Mambo ya Siha ya Kuangaliwa Nyumbani

Msimu wa Hija ukaribiapo, nyumba nyingi za mwambao wetu, kuanzia Lamu na Mombasa hata Unguja na Dar es Salaam, huingia katika pirikapirika za kumfungia mizigo mzazi aliyejaaliwa kuitikia wito, na aghalabu watoto na wajukuu hulishughulikia sana sanduku kubwa, wakalijaza kanzu, kanga, kahawa na vitafunio, ilhali ule mkoba mdogo atakaokwenda nao mpaka kitini huachwa hata saa ya mwisho, ukatiwa chochote kilichosalia. Kijitabu hiki kinawaomba jamaa waugeuze utaratibu huo, waanze na mkoba kisha ndipo waliendee sanduku, kwa sababu sanduku huweza kuchelewa au kupotea njiani, na mwili wa mzee hauwezi kulingojea.

Nayasema haya kwa kuwa yalimfika shangazi yangu. Alikuwa na maradhi ya shinikizo la damu, nasi tulizitia dawa zake zote sandukuni katikati ya nguo, tukidhani ndipo zitakapokuwa salama. Sanduku likafika siku tatu baada yake, na siku hizo alizipitisha kwa kizunguzungu na maumivu ya kichwa, naye ni mtu aliyeingoja safari ile umri wake wote.

Basi la kwanza kutiwa mkobani ni dawa, za kutosha muda wote wa safari na siku kadhaa za akiba, zikiwa katika vifurushi vyake vyenye maandishi ya duka la dawa, wala si kumiminwa pamoja katika kichupa kimoja. Ziambatane na barua ya tabibu inayotaja maradhi, majina ya dawa na vipimo vyake, kwani wakaguzi wa Saudia huzitazama dawa kwa makini, na zile kali za maumivu, mathalani tramadoli na zenye kodeini, haziingizwi bila ya idhini iliyoombwa mapema. Mwenye pumu aiweke dawa yake ya kuvuta kwa mdomo katika mfuko wa nje. Mwenye ugonjwa wa sukari achukue tende chache au peremende za kujiokoa sukari ikishuka ghafla, na insulini yake asiipeleke kabisa katika chumba cha mizigo, maana huko baridi yaweza kuigandisha, na insulini iliyokwisha kuganda haifai tena hata ikiyeyuka na kuonekana safi machoni. Kadhalika, akiifungia pamoja na kitu cha kuipoza, aizungushie kitambaa isigusane na barafu. Faraja moja ni kwamba saa ya Jeddah na saa ya Afrika Mashariki ni moja, hivyo nyakati za kumeza dawa hazibadiliki, ijapokuwa mtu atakuwa amevuka bahari.

Ama hewa ya ndani ya ndege, hiyo ni jambo ambalo watu wa pwani hawana budi kulielewa, kwa kuwa miili yetu imezoea unyevu. Ndege iwapo juu, hewa yake hufanana na ile ya mlimani, yapata mita 1,800 hadi 2,400 kutoka usawa wa bahari, yaani kama ya Nairobi au ya juu zaidi. Na ukavu wake huzidi, kwani unyevu aghalabu haufiki hata asilimia 20. Ndiyo sababu macho huwasha, midomo hukauka na koo hukereka, na hewa iliyomo tumboni na masikioni nayo hutanuka na kusinyaa. Mwenye maradhi ya moyo au ya mapafu, au mwenye upungufu mkubwa wa damu, na amwone tabibu kabla ya kukata tiketi. Kwa wengine, zinatosha mafuta ya mgando yasiyotiwa manukato, peremende za kufyonza wakati ndege inashuka ili masikio yazibuke, barakoa chache, shuka nyepesi ya kujifunika, na chupa tupu ya kujazwa maji baada ya kupita ukaguzi. Wazee wengi hujinyima maji kwa kuona haya kumpitia jirani kwenda msalani. Mwombeeni kiti cha kando ya ujia, mtakuwa mmemtendea hisani kubwa.

Maji hayo na kuinuka huko vina faida kwa miguu pia. Safari ya kukaa zaidi ya saa nne, na wengi wetu huunganisha ndege Addis Ababa au Doha, huweza kusababisha damu kuganda katika mishipa ya miguu, hasa kwa wazee, wanene, wajawazito na waliopasuliwa karibuni. Azungushe vifundo, anyanyue visigino, na kila baada ya muda atembee ujiani. Soksi za kubana miguu husaidia waliozihitaji, lakini mwanamume aliye katika ihramu awaulize tabibu na mashekhe kabla ya siku ya safari. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata, hata wiki mbili baada ya kushuka, apelekwe hospitali hima.

Ihramu yenyewe iwe mkobani, kwani kwa waendao Makka moja kwa moja mikati, yaani mpaka wa kuingilia ihramu, hupitwa ndege ingali hewani, na aliyeiacha sandukuni hataipata. Kando yake kiwekwe cheti cha chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ambayo Saudia huwataka mahujaji wawe wamechanjwa siku zisizopungua 10 kabla ya kuwasili, pamoja na kadi ya homa ya manjano kwa atokaye katika nchi zenye maradhi hayo. Kadi hiyo, tangu mwaka 2016, hudumu umri mzima wa mwenyewe.

Mikasi na nyembe ziende sandukuni. Betri ya akiba ya simu hairuhusiwi huko, mahali pake ni mkobani. Vimiminika visizidi mililita 100 kwa kila chupa, isipokuwa dawa, ambazo huruhusiwa kwa kuonyeshwa barua.

Baada ya hayo mkoba upimwe, kwani mashirika mengi huishia kilo 7, na mzee asiyeweza kuuinua atauachia mikono ya watu. Usiku wa kuamkia safari akae nao sebuleni, aufungue na kuufunga mwenyewe mara mbili tatu, mpaka mkono wake ujue, hata taa ikizimwa, dawa ya kifua iko katika mfuko gani.