SOMO LA LEO: Jua bidhaa yako imetoka udongo gani

Mimi nauza kahawa mtandaoni, mzigo wangu uko hapa Darajani. Kuna mteja alinirudishia paketi tatu: "Ya mwanzo ilinukia vizuri, hii chungu tupu!" Kumbe mwanzo nilimpa ya Kilimanjaro, safari hii nikampa ya Bukoba. Nilidhani kahawa ni kahawa tu. Pesa nikarudisha, mteja nikampoteza.

Ikabidi nisome. Shika haya:

1. Kilimanjaro ni arabika. Inalimwa kwenye miteremko ya mlima, mita 1,000 na zaidi juu ya bahari, chini ya kivuli cha migomba. Kule kuna baridi, tunda linaiva taratibu, punje inakuwa ngumu na kujaa ladha. Ndo ile harufu nzuri na uchachu kidogo.

2. Udongo wake ni wa volkano. Una rutuba, maji hayatuami lakini unyevu unabaki.

3. Bukoba nyingi ni robusta. Inastahamili joto na magonjwa. Ni chungu, nzito, na kafeini yake ni karibu mara mbili. Si mbaya! Anayependa kahawa kali na kashata yake ataitaka hiyo hiyo.

Sasa kila tangazo naandika aina, ilikotoka na ladha yake. Mteja akiuliza mbona bei tofauti, namueleza sababu, hatugombani.

Na wewe unayeuza asali, mchele au viungo, muulize anayekuletea mzigo: umetoka wapi? Uliza kabla mteja hajakuuliza wewe.