Kamera Ngeni Kwenye Tangazo: Mwongozo kwa Wapiga Picha wa Busia na Tororo

Ukiwa umezoea Sony FX6, kisha duka la kukodisha likakupa Blackmagic Pocket 6K, anza na lenzi. FX6 ina maunti ya E: kutoka kwenye maunti hadi sensa ni milimita 18. Ile 6K ina maunti ya EF, milimita 44. Lenzi ya EF hukaa kwenye FX6 kwa adapta. Lenzi ya E haikai kwenye 6K. Hili ligundulike dukani Kampala au Nairobi, siyo chini ya Mwamba wa Tororo mteja akiwa amesimama kando yako.

Mwanga ndio unaohitaji muda wako zaidi. FX6 ina ND ndani yake, unaizungusha kwa kidole. 6K ya kwanza haina. Piga hesabu ya saa sita mchana Busia: ISO 400, fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50. Hata ukibana lenzi hadi f/16, picha bado itazidi mwanga kwa takriban stopu tatu. Anayekimbilia kupandisha shata atapata malori yanayorukaruka badala ya kupita. Beba filta za ND, na uziangalie mbele ya uso wa mwigizaji mwenyewe, maana filta hafifu huipa ngozi nyeusi wekundu usiotakiwa. Shata 1/50 usiiguse hata ndani ya maduka: umeme wa Kenya na Uganda ni wa hezi 50, na taa za tyubu hazitapepesa.

Usiku FX6 hukupa ISO 12,800 kama kiwango chake cha pili. 6K ina 3,200. Mwambie mwongozaji mapema kwamba taa zitaongezwa, na gharama yake ijulikane kabla ya siku ya kazi.

Rekodi sampuli kwa 6K, umtumie mhariri, naye aifungue kwenye kompyuta atakayotumia. Betri za 6K nazo ni ndogo na huisha upesi, basi beba nyingi.

Kamera ikibadilishwa, badilisha pia orodha ya vifaa ya forodha. Kwenye kituo cha pamoja cha mpakani Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, maofisa wa nchi zote mbili hufanya kazi chini ya paa moja, na namba ya kamera isiyolingana na karatasi inatosha kuzuia gari zima. Msaidizi wa kamera asome kila namba kwa sauti, nawe ukiwa umeshika orodha, kabla ya kuondoka dukani.