Kipandikizi cha Jino: Ya Kupima Kabla ya Taya Kutobolewa

Katika mwambao wa Tanga, kama kwingineko Tanzania, bado husemwa kwamba dawa ya jino ni kung'oa. Usemi huo umewatuliza wengi maumivu, na umeacha mapengo mengi vinywani. Mtu anayefika kliniki ya meno ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo akitokea Pangani, Mkinga au Muheza mara nyingi huwa amekwisha kuvumilia kwa majuma kadhaa, na gego lake limeoza kiasi kwamba kuliokoa kunahitaji safari nyingi na fedha asizo nazo. Likishang'olewa, pengo hubaki, na baada ya muda huja swali la namna ya kuliziba. Kwa miaka mingi majibu yalikuwa mawili: meno bandia ya kuvaa na kuvua, au daraja linaloshikizwa kwenye meno ya jirani. Siku hizi liko jibu la tatu, nalo huletwa nyumbani na jamaa aliyetibiwa Dar es Salaam, Mombasa au Muscat: kipandikizi.

Kipandikizi ni skrubu ndogo ya madini ya titani inayozamishwa ndani ya mfupa wa taya ili ishike nafasi ya mzizi wa jino. Juu yake hufungwa taji linalofanana na jino. Msingi wa tiba hii uligunduliwa na mtafiti wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, ambaye katika miaka ya 1950, akichunguza mifupa ya sungura, aliona kwamba titani iliyowekwa ndani ya mfupa ilikuwa imeshikamana nao hata isiweze kutolewa. Mwaka 1965 alimwekea vipandikizi mgonjwa wake wa kwanza, naye aliishi navyo kwa miaka ipatayo arobaini, hadi kufa kwake.

Mfupa, hata hivyo, hauvumilii haraka wala joto. Ukifikia nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja tu wakati wa kutobolewa, chembe zake hudhurika na kipandikizi huenda kisishike; ndiyo maana keekee hupozwa kwa maji muda wote. Kisha husubiriwa miezi, kwa desturi ya awali mitatu kwa taya la chini na sita kwa la juu, kabla ya taji kufungwa. Wako wanaofungiwa meno mapema zaidi, lakini hilo hutegemea ugumu wa mfupa na uzoefu wa daktari, si haraka ya mgonjwa anayesubiriwa na harusi.

Faida zake ni za kweli. Daraja hulazimu meno mawili mazima kuchongwa ili yabebe la tatu. Kipandikizi husimama peke yake. Hakiozi. Huzuia pia sehemu ya upotevu wa mfupa unaofuata kung'olewa kwa jino, upotevu ambao ni mkubwa kuliko wengi wanavyodhani: katika miezi kumi na miwili ya kwanza pengo linaweza kupoteza karibu nusu ya upana wa mfupa wake. Na kwa mtu aliyechaguliwa vizuri na anayejitunza, vipandikizi zaidi ya tisa kati ya kumi huwa bado vimo kinywani baada ya miaka kumi.

Kutooza kwake, lakini, ndiko kunakowapotosha wengi. Jino la asili limezungukwa na nyuzi laini zinazolishikiza kwenye mfupa, zinazohisi shinikizo na kusaidia kuzuia uambukizo usishuke. Kipandikizi hakina nyuzi hizo. Ukoga ukirundikana shingoni mwake, fizi huvimba, na uvimbe ukiachwa huteremka hadi mfupani na kuula kimyakimya, bila maumivu ya kumwamsha mgonjwa usiku. Kwa makadirio ya kitaalamu, mgonjwa mmoja kati ya watano hivi hupata hali hiyo baada ya miaka kadhaa. Aliyepoteza meno yake kwa ugonjwa wa fizi yumo hatarini zaidi, kwa kuwa kilichoyaangusha meno ya kwanza bado kimo kinywani.

Kabla ya kuuliza bei, basi, yafaa kuuliza kama pengo lenyewe linahitaji kuzibwa. Swali hili limechunguzwa hapa hapa Tanzania. Mwaka 2003 P. T. N. Sarita na wenzake wa Nijmegen, Uholanzi, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa Watanzania watu wazima zaidi ya mia nane, wengi wao wakiwa wamekwisha kupoteza magego. Waliobakiwa na magego madogo yote, yaani meno yaliyo baina ya chonge na magego makubwa, pamoja na angalau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana, walitafuna vya kutosha. Shida kubwa ilikuwa kwa wale waliobakiwa na jozi mbili au pungufu za magego madogo. Kwa maneno mengine, mvuvi wa Moa aliyepoteza gego moja la nyuma na bado anatafuna pweza bila taabu hana sababu ya kitabibu ya kuuza injini ya mashua ili aweke skrubu. Kuambiwa hivyo na mtaalamu ni tiba pia, ingawa haina risiti.

Hali ya kibogoyo ni nyingine kabisa. Meno bandia ya taya la chini huelea. Ulimi huyasukuma, mate huyatelezesha, na mzee huishia kuyaweka kwenye kikombe na kula uji. Kwake yeye vipandikizi viwili tu upande wa mbele wa taya la chini, vikiwa na vifungo vya kuyabana meno ya kuvua, hubadili maisha. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Montreal, Kanada, walipendekeza mpango huo uwe chaguo la kwanza kwa taya la chini lisilo na jino hata moja. Kama fedha za familia zinatosha vipandikizi viwili na si zaidi, hapa ndipo zinapofanya kazi kubwa kuliko kwenye pengo la mtu mwenye meno ishirini na sita.

Mwili nao una neno. Kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha kupona, na sigara huongeza uwezekano wa kipandikizi kushindwa hadi karibu maradufu. Mla tambuu aelezwe bila kubembelezwa: popoo imethibitishwa kusababisha saratani, na kinywa chake kichunguzwe kwanza kwa madoa meupe na mashavu yaliyokakamaa. Aliyepigwa mionzi ya kichwa na shingo katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, au aliyedungwa dawa za kuimarisha mifupa wakati wa matibabu ya saratani, asitobolewe taya kabla ya madaktari wake kushauriana, kwa sababu mfupa huo unaweza kufa badala ya kupona. Kijana angoje mpaka taya likome kukua. Kuishi na VVU, kwa anayetumia dawa vizuri na ambaye kinga yake imeimarika, si sababu ya kunyimwa.

Kisha iko safari. Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam ni kilomita 350 hivi, na kipandikizi hakimalizwi kwa safari moja: kuna uchunguzi na eksirei, upasuaji, ukaguzi, taji, na baadaye usafishaji wa kila mwaka. Nauli na siku za kazi zinazopotea zihesabiwe ndani ya bei. Aliyewekewa nje ya nchi hukutana na shida nyingine asiyoitarajia. Kila mtengenezaji ana vipimo vyake, na mara nyingi bisibisi ya mmoja haiingii katika skrubu ya mwingine. Taji likilegea, kazi ya dakika kumi inaweza kushindikana kwa kukosa kifaa cha kulikazia.

Kwa sababu hiyo mhudumu wa zahanati au hospitali ya wilaya anayemwona mgonjwa mwenye taji linalocheza asikimbilie koleo. Mara nyingi kinachocheza ni skrubu ya taji tu, na kipandikizi chenyewe ni kizima. Eksirei ndiyo itakayoamua. Kama ni kipandikizi kinachocheza mfupani, hicho kimekwisha kushindwa na hakikaziki, na mgonjwa apewe rufaa. Usaha au damu inayotoka kila anapopiga mswaki ni sababu ya rufaa hata pasipo maumivu. Naye mgonjwa, kabla ya kuondoka kwa daktari aliyemwekea, adai kadi yenye jina la mtengenezaji, aina na ukubwa wa kipandikizi, namba ya toleo, jino lililowekwa na tarehe, pamoja na nakala ya eksirei ya siku hiyo, avihifadhi pamoja na cheti chake cha kuzaliwa.