Anwani ya Printa: Mkopo Unaohitaji Kudumu

Katibu wa shule huizima printa Ijumaa jioni. Jumatatu asubuhi mwalimu huagiza karatasi za mtihani zichapwe, na mashine haiitiki. Wino umo, karatasi zimo, taa yawaka. Printa hulaumiwa, na pengine fundi huitwa kwa gharama, ilhali kilichobadilika ni anwani tu.

Katika mtandao kila chombo, iwe kompyuta, simu au printa, hutambulikana kwa anwani ya namba nne, kila moja kati ya 0 na 255. Kwa mfano 192.168.1.57. Anwani hizo zaweza kuandikwa kwa mkono, lakini katika ofisi nyingi hugawiwa kwa kanuni iitwayo DHCP, iliyotolewa mwaka 1993 na kurekebishwa mwaka 1997. Mgawaji wake mara nyingi huwa ndani ya ruta.

Ugawaji huenda kwa hatua nne. Printa iwashwapo haina anwani wala haimjui mgawaji. Hivyo hutangaza kwa vyombo vyote kwamba yatafuta anwani. Mgawaji huipendekezea moja. Printa huiomba rasmi ile iliyopendekezwa. Mwisho mgawaji huthibitisha. Yafaa ieleweke kwamba anwani hii si mali ya printa, bali ni mkopo wa muda, tuseme saa 24. Nusu ya muda ipitapo, chombo huomba nyongeza.

Sasa sababu ya mkasa wetu yaonekana. Printa iliyozimwa haiombi nyongeza. Mkopo ukiisha, na anwani zikiwa haba, 192.168.1.57 yaweza kupewa simu ya mgeni aliyehudhuria mkutano Jumamosi. Printa iwashwapo hupata 192.168.1.63, huku kompyuta zikiendelea kupeleka kazi kwenye anwani ya zamani. Simu haidhuriki kwa kubadilishiwa anwani, kwani yenyewe ndiyo itafutayo wengine. Printa hutafutwa, kwa hiyo haina budi kukaa pale ijulikanapo.

Wengine huiandikia printa anwani yoyote kwa mkono. Hatari yake ni kwamba mgawaji, asiyejua hayo, aweza kuitoa anwani hiyohiyo kwa chombo kingine, na viwili vikagongana. Njia iliyo bora ni kumwagiza mgawaji aitengee printa anwani yake:

1. Chapa ukurasa wa maelezo ya mtandao kutoka kwenye printa. Tafuta anwani ya kiwandani, yenye alama 12 za tarakimu 0 hadi 9 na herufi A hadi F. Printa yenye njia ya waya na ya redio huwa nazo mbili; chukua ya njia inayotumika.
2. Katika ruta, oanisha anwani hiyo na anwani ya mtandao uliyoichagua.
3. Iache printa ipokee anwani kutoka kwa mgawaji, kisha izime na kuiwasha.
4. Zielekeze kompyuta zote kwenye anwani hiyo.

Ukiona anwani inayoanza na 169.254, fahamu kwamba printa haikupata jibu la mgawaji. Kagua waya na ruta kwanza.

Zoezi: Mgawaji ana anwani kuanzia 192.168.1.50 hadi 192.168.1.99. Shule ina kompyuta 12, printa 1 na simu 40. Je, anwani zatosha? Eleza ni chombo kipi kitengewe anwani kwanza, na kwa nini.