Akiba ya Mmea: Jinsi Malisho Yanavyochipua Baada ya Kuliwa

Mwezi wa Septemba, moto ukisha kupita katika misitu ya miombo ya Nachingwea na Ruangwa, ardhi hubaki nyeusi. Haupiti muda mrefu majani mabichi huchomoza, ilhali mvua haitazamiwi kabla ya Novemba au Desemba. Mmea usio na jani hauwezi kujitengenezea chakula kwa nuru ya jua. Chakula cha machipukizi hayo, basi, hutoka wapi?

Hutoka katika akiba. Mvua zinapokaribia kwisha, nyasi za kudumu hutengeneza sukari kupita mahitaji ya kukua. Ziada hiyo huwekwa, aghalabu kwa umbo la wanga, katika vitako vya mashina na mizizini. Naitrojeni nayo huyahama majani yanayokauka ikarudi chini. Zamani wataalamu waliutazama wanga peke yake. Sasa inafahamika kwamba naitrojeni iliyohifadhiwa ina kazi kubwa vilevile, kwani jani changa haliundwi bila protini.

Nyasi ikiliwa hadi chini, mizizi husita kukua, na akiba hupelekwa juu kuunda majani. Majani hayo yakishatanuka ndipo hazina huanza kujazwa upya. Ng'ombe akirudi kabla ya hapo, mmea hulazimika kutoa tena kutoka ghala lililopungua. Mizizi hufupika, na hatimaye nyasi hufa ikaachia vichaka nafasi. Miti ya miombo pia ina akiba yake mizizini: ndiyo maana katika Mpango wa Karanga wa Nachingwea, uliovunjwa mwaka 1951, kuangusha miti hakukutosha, mizizi nayo ilibidi ing'olewe.

Mifugo ilipokuwa michache jambo hili halikusumbua sana. Lakini wafugaji walipoondolewa katika bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007, wengi walielekea mkoa wa Lindi, na kijani cha Septemba ndicho kinachowavutia ng'ombe wenye njaa. Kijani hicho ni akiba tupu, na kukilisha mfululizo ni kula mbegu ya malisho ya masika. Afadhali sehemu iliyoungua ipumzishwe hadi mvua ziyatanue majani.

Matete ya kukatwa nayo yaachiwe kisiki cha sentimita 10 hivi. Mbaazi huhitaji zaidi: macho yake yamo matawini, na ikikatwa karibu na ardhi mara nyingi haichipui tena.