Siku Isitutenganishe
Somo: Warumi 14:1-12

Krismasi iliyopita dada yangu alikataa kuja kwangu kula chapati. Alisema Biblia haitaji tarehe 25 Desemba. Ni kweli, haitaji. Lakini mimi nilikasirika, nikamwita Mfarisayo mbele ya watoto wake.

Baadaye nikasoma Warumi 14. Paulo haamui nani ana siku sahihi. Anataka kila mtu awe na hakika moyoni mwake, na anachofanya akifanye kwa ajili ya Bwana. Hukumu ni ya Mungu. Sikukuu niliitunza, lakini ndugu nilimuumiza.

Nilimpigia simu, nikaomba msamaha. Mwaka huu atakuja tarehe 27, na chapati nitapika.

Je, mpendwa, wewe umemdharau nani kwa sababu ya siku? Mtafute wiki hii.